Mashine ya kupukuchua mahindi: ya kwanza inafanya kazi, sasa zinatakiwa 60. Tubadilishe nini kwenye muundo?

FundiMakambako

Wakuu, habari za kazi. Tuna mashine ya kupukuchua mahindi ambayo yenyewe haina tatizo, imepiga kazi msimu mzima. Ngoma ya kipenyo cha 300 mm yenye nyundo za flati, wavu wa chini wenye matundu ya 14 mm, mota ya 2.2 kW ya fezi moja (1440 kwa dakika), puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 8 kwenye ngoma, mkanda mmoja wa V wa ukubwa B. Fremu ni engo ya 40×40×4, ubavu na kifuniko ni shiti ya 1.5 mm, beringi ni UCP 205 mbili (beringi za kitako, za shafti ya 25 mm).

Sasa kuna oda ya mashine 60 kabla ya mavuno. Hatuwezi kuzitengeneza sehemu moja, kwa hiyo mashine ya mfano ilipelekwa karakana mbili wainakili. Zikatoka tatu, na kila moja ina ugonjwa wake. Ya kwanza ngoma inasugua ubavu. Ya pili matundu ya kifuniko hayakutani na ya ubavu, yamepanuliwa kwa moto. Ya tatu inatetemeka mpaka inatembea sakafuni. Halafu zote, hata ile ya mfano, zinakula mikanda: inapasuka kwa ndani baada ya muda mfupi.

Ninachouliza: ni muundo una kasoro au ni mafundi? Na kabla ya kununua chuma cha mashine 60, ni vitu gani vya kubadilisha kwenye mchoro ili mashine ya 1 na ya 60 ziwe ndugu? Kuna mtu ametushauri pia tusubu pande za ngoma na tutengeneze mdomo wa kulishia kwa plastiki. Inalipa?

Mchoraji_Chuma

Mkuu, umeandika "mchoro" lakini kwa maelezo yako karakana zile hazikupewa mchoro, zilipewa mashine. Mashine haisemi kipimo kipi ni cha lazima na kipi kilitokea tu. Fundi anayenakili kwa futi anabeba makosa ya mashine ya kwanza, anaongeza ya kwake. Kwa hiyo mafundi wasilaumiwe kwanza.

Mchoro wa kutengenezea bidhaa nyingi una mambo mawili ambayo mchoro wa kuonyesha umbo hauna: mahali pa kuanzia kupima, na tolaransi, yaani kipimo kinaruhusiwa kupotoka kiasi gani. Chukua matundu 6 ya kifuniko yaliyoachana 100 mm. Ukiandika 100, 100, 100 kutoka tundu hadi tundu, na fundi anakosea mm 1 kila mara, tundu la mwisho linaweza kupotoka mm 5. Ukiandika 100, 200, 300, 400, 500, yote yakipimwa toka ukingo uleule, hakuna tundu litakalopotoka zaidi ya mm 1. Fundi yuleyule, futi ileile. Kisha tundu la bolti ya M8 upande mmoja liwe 9 mm na upande wa pili liwe refu, 9×15. Hapo hakuna atakayewasha gesi.

Tolaransi kali usizitawanye kila mahali. Miguu ikipishana mm 2 mashine itasimama tu, udongo wa shamba wenyewe hauko sawa. Kwenye mashine yako naona vipimo vinne tu vinavyostahili ukali: umbali kati ya vituo vya beringi mbili, nafasi kati ya nyundo na wavu, nafasi ya ngoma na ubavu kila upande (iache 6 mm), na mstari wa puli mbili. Vingine andika ±2 ulale usingizi.

Kuhusu shiti ya 1.5. Matundu kutokutana huanzia kwenye kukunja. Ukikunja nyuzi 90 kwenye kalibu ya V ya 12 mm (kanuni ya kawaida ni mara 8 ya unene), kona ya ndani inatoka na nusu kipenyo cha karibu 2 mm. Chuma kinavutika pale. Ukijumlisha vipimo vya nje vya pande mbili lazima utoe karibu 2.9 mm kwa kila mkunjo ndipo upate urefu wa kukata. Kipande chenye mikunjo minne ambacho fundi amejumlisha tu bila kutoa kitazidi kwa zaidi ya mm 11. Hiyo 2.9 usiichukue kama Biblia, inategemea kalibu na shiti. Kata vipande vitatu vya majaribio vya 100 mm kutoka shiti utakayotumia, kunja katikati, pima pande zote mbili kwa venia (kipimo cha taya cha sehemu za milimita), jumlisha, toa 100. Namba utakayopata ndiyo ya karakana ile. Karakana ya pili inaweza kuwa na kalibu ya V 16, namba itakuwa nyingine, ndiyo maana mikunjo yote ya mashine 60 ifanyike sehemu moja.

Usiweke tundu karibu na mkunjo. Kwa shiti hii acha angalau 5 mm kutoka ukingo wa tundu hadi mstari wa ndani wa mkunjo, la sivyo tundu linageuka yai. Na mdomo mfupi unaokunjwa usiwe chini ya 10 mm, utadumbukia kwenye V.

Sasa pesa ilipo. Shiti ya 1.5 ni 2440×1220, uzito wake karibu kilo 35. Tuseme ubavu wako kabla ya kukunjwa ni 620×410. Ukiupanga kwa safu zilizonyooka unapata vipande 6 kwa shiti, ukichanganya vya kulala na vya kusimama unafika 8. Upunguze uwe 600×400: vinne kwa urefu, vitatu kwa upana, vipande 12. Mashine 60 zina mbavu 120. Kwa 8 unanunua shiti 15, kwa 12 unanunua 10. Kilo 175 za chuma zimeokolewa kwa kupunguza 20 mm huku na 10 mm kule, na mkulima hawezi hata kuona tofauti. Fanya hesabu hiyo kwa kila kipande kabla ya kufunga mchoro, si baada ya kununua.

msafiri_wa_torque

Kwenye mikanda jibu ni fupi. Mkanda wa B unataka puli ndogo isiyopungua karibu 125 mm. Wewe umeukunja kwenye inchi 3, yaani 76 mm. Unapinda kupita uwezo wake kila unapozunguka puli ya mota, kwa hiyo unapasuka kwa ndani kama ulivyosema. Kuukaza zaidi kunaongeza mzigo kwenye beringi tu.

Weka mikanda miwili ya A, puli ya 100 mm kwenye mota na ya 250 kwenye ngoma. Kasi inakuwa 576 kwa dakika badala ya 540 uliyo nayo, na ncha za nyundo zinatembea karibu mita 9 kwa sekunde. Ni sawa kwa mahindi makavu. Mikanda miwili inunuliwe pamoja, ya aina moja na namba moja. Mmoja mpya na mmoja mzee: mpya anabeba mzigo wote peke yake.

Swali la kukurudishia: wanunuzi wote 60 wana umeme? Kama kuna watakaofunga injini ya petroli, muundo wako hauna jibu. Injini ndogo za 6.5 hp zinazunguka 3000 hadi 3600. Ukiiendesha 3000 na puli ya 100, puli ya ngoma ingetakiwa ipite 500 mm. Zipo injini hizohizo zenye giaboksi ya kupunguza nusu. Kwa 3000 zinatoa 1500, na puli zilezile za 100 na 250 zinakupa 600. Mashine moja, puli za vipimo vilevile, wateja wa aina mbili. Kinachobadilika ni tundu la puli na kii tu (kile kipande kinachofunga puli isiteleze kwenye shafti): mota ya 2.2 kW ya fremu ya 100 (namba ya ukubwa wa mwili wa mota) ina shafti ya 28 mm, ya 1.5 kW ya fremu ya 90 ina 24 mm, injini isiyo na giaboksi kwa kawaida ina inchi ¾. Yenye giaboksi ipime mwenyewe kabla ya kuagiza puli. Na mota za fezi moja dukani zinatofautiana fremu, usiamini kW iliyoandikwa, peleka venia.

BiVipimo

Nianzie pale dada na kaka zangu walipopaacha: beringi na mtetemo.

Engo ya 40×40×4 chini ya UCP 205 ni kosa la muundo, si la fundi. Kitako cha beringi ile kina upana wa 38 mm, kwa hiyo tundu la bolti ya M10 linaangukia katikati ya engo, 20 mm kutoka nje. Toa 4 mm za unene, toa na ule uvimbe wa kona ya ndani wa karibu 6 mm, unabaki na 10 mm za kuzungusha nati ambayo nusu ya upana wake kona kwa kona ni karibu 9.8. Nati inaingia kwa shida na soketi haiingii kabisa. Fundi anaikaza kwa patasi, inalegea, ngoma inahama, inasugua ubavu. Kwa boriti mbili za beringi tu weka engo ya 50×50×5 na toboa 30 mm kutoka nje. Kitako kinakaa chote na soketi inazunguka. Miguu na viunga vibaki 40×40×4, hakuna haja ya kubeba uzito bure (50×50×5 ni kilo 3.77 kwa mita, hiyo nyingine 2.42).

Shafti: msinunue chuma cha duara cheusi cha 25 mm mkidhani kitaingia kwenye beringi ya 25. Kile hutoka kiwandani kikiwa cha moto, kina magamba na kinaweza kuwa kimepishana hata nusu milimita. Ama mnunue cha 28 au 30 mkereze, ama mnunue kilichovutwa baridi, kinachong'aa, cha 25 h9 (h9 ni alama ya tolaransi yake), ambacho hupungua si zaidi ya 0.052 mm. Hiki cha pili ni ghali kwa kilo lakini hakipiti kwenye kereza isipokuwa kukata njia ya kii. Kwa mashine 60 naona kitakuwa rahisi kwa jumla. Pigeni hesabu ya saa za kereza za kwenu kabla hamjakubali neno langu.

Jigi, yaani kishikio cha kupangia vipande mahali pake wakati wa kuchomelea. Hapa ndipo mashine zinapokuwa ndugu. Msijenge jigi ya kushika fremu kwa nje, jengeni ya kushika mstari wa beringi, kwa sababu kila kitu kinapimwa toka pale:

1. Meza ya chaneli ya 100×50 iliyosawazishwa, yenye vizuizi vya 10 mm vilivyochomelewa. Kila kipande kiegemee vizuizi viwili kwa urefu na kimoja kwa upana, kisiweze kukaa kwa namna nyingine.
2. Shafti ya uongo: kipande cha 25 h9 kirefu kuliko fremu, kimelala kwenye beringi mbili zilizotengwa kwa kazi hii tu.
3. Zifungeni boriti mbili za 50×50×5 kwenye beringi hizo kwa bolti, shafti ya uongo ikiwa ndani, *kabla* ya kuchomelea boriti kwenye miguu. Wengi wanachomelea kwanza, wanatoboa baadaye, halafu wanashangaa.
4. Nukta za kushikilia kwanza pande zote, kisha chomelea kwa kupishanisha: kona ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, na kadhalika. Ukimaliza kona moja yote kabla ya kuhamia nyingine, fremu inavutwa.
5. Iache ipoe ndani ya jigi mpaka uweze kuishika kwa mkono. Ukiifungua ya moto itajipinda ikiwa nje, na jigi haijafanya kazi yoyote.
6. Shafti ya uongo itoke kwa kusukuma kwa mkono. Ikidai nyundo, fremu hiyo haiendi mbele.

UCP zina uwezo wa kujigeuza nyuzi chache, kwa hiyo kosa dogo la mlalo zinavumilia. Kosa zisilovumilia ni vituo kupishana na bolti kulegea.

Ile mashine inayotembea sakafuni ni ngoma isiyo na mizani. Gramu 100 zilizozidi upande mmoja, kwenye nusu kipenyo cha 150 mm, kwa mizunguko 576, zinavuta kwa nguvu ya karibu niutoni 55, sawa na kilo 5 na nusu, mara karibu 10 kila sekunde. Gramu 100 ni nati chache na tone nono la kuchomelea. Wekeni ngoma na shafti yake juu ya kingo mbili za chuma zilizosawazishwa kwa pima maji, iviringisheni taratibu. Ikirudi kusimama upande uleule kila mara, upande wa chini ndio mzito. Ongezeni washa upande wa pili mpaka isimame popote. Kazi ya dakika 15, na iandikwe kwenye mchoro kama hatua, isiachwe kuwa hisani ya fundi. Na nyundo zipimwe kwa mizani kabla ya kufungwa, zinazolingana zikae mkabala.

FundiMakambako

Asanteni sana, hii ya nati ya beringi imenigusa, ni kweli soketi haiingii na tunatumia patasi. Swali juu ya kukata: kuna sehemu mjini wanakata kwa leza. Tuwape vipande vyote au tuendelee na gilotini na grainda? Na kile cha kusubu na plastiki mbona hamjagusa?

JuaKali_Chuma

Salamu kutoka Nairobi. Kusubu na plastiki: hapana, kwa idadi hii. Kalibu ya chuma ya plastiki gharama yake unaigawa kwa idadi ya vipande. Kwa elfu kumi inapotea, kwa 60 kila mdomo wa kulishia utabeba sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima. Na ukishalipa kalibu hubadilishi tena umbo, ilhali mashine yako bado haijapita mikononi mwa wateja 60. Pande za ngoma zikate kwenye bamba la 6 mm. Zinabaki sawa, hazina mapovu ya kusubu, na zikigongwa na jiwe hazipasuki. Kitu pekee cha kusubu kwenye mashine hii ni puli, na hiyo unainunua dukani.

Kukata nadhani Mchoraji atasema leza kwa kila kitu, mimi siko huko. Hesabu matundu. Ukiwa na matundu 48 kwa mashine, mashine 60 ni matundu 2,880. Kupima, kugonga sentapanchi na kutoboa kwa drili, weka dakika moja na nusu kwa tundu: saa 72 za mtu. Kwa hiyo vipande vyenye matundu mengi (mbavu, pande za ngoma, wavu) vipeleke leza, vinarudi na tofauti isiyofika robo milimita na kazi ya kupima imekwisha. Vipande vya mstatili bila matundu, kama mabamba ya mdomo, gilotini inatosha na ni rahisi. Engo kata kwa diski na kizuizi cha urefu kilichofungwa mezani, usipime kila kimoja kwa futi.

Na hapo kwenye engo kuna mtego. Baa ya mita 6 gawanya kwa miguu ya 750 ni 8 kamili kwenye karatasi. Diski inakula 3 mm kila mkato, mikato 7 ni 21 mm, mguu wa nane unatoka 729. Miguu ikiwa 745, yote minane inatoka na kunabaki 19 mm. Lakini kabla hujaandika 745, nenda dukani na futi. Baa nyingi zinazoingia kwa kontena la futi 20 hukatwa 5.8 ili ziingie, na muuzaji anaziita mita 6. Kwa 5.8 mguu ni 720. Chagua moja, mashine zote 60 zifuate.

Bolti. Naweza kubahatisha mashine ya mfano ina M6, M8, M10 na labda M12, vichwa vya aina tatu. Baki na M8 na M10 tu. Stoo ina boksi mbili badala ya saba, mtu hakosei, na mkulima anahitaji spana ya 13 na ya 17 peke yake (angalia tu, M10 nyingine zina kichwa cha 16, usichanganye). M10 za nyundo ziwe za daraja la nguvu la 8.8 na nati ya kujifunga. Kila kinacholika, yaani nyundo, wavu na mkanda, kifungwe kwa bolti. Kuchomelea nyundo ni haraka siku ya kwanza, lakini zikichakaa mteja anakata ngoma kwa grainda na mizani yote ya BiVipimo inaishia hapo.

Mchoraji_Chuma

Sikusema leza kwa kila kitu 😀 lakini kwa hilo la matundu tunakubaliana. Naongeza moja: ukiwapa leza, wape faili la umbo lililokunjuliwa, lenye 2.9 (au namba yako) imeshatolewa, na waandikie wazi kuwa ni umbo bapa. Wengine hutoa wenyewe. Ikitolewa mara mbili, mbavu 120 zinatoka fupi, na chuma kilichokatwa kifupi hakina dawa. Kata mbavu mbili kwanza, kunja, funga kwenye fremu, ndipo uruhusu 118 zilizobaki.

Kila mchoro uwe na namba na herufi ya toleo: A, B, C. Ukibadilisha tundu moja, herufi inabadilika na karatasi ya zamani inachanwa mbele ya fundi. Karakana mbili zenye matoleo mawili ya ubavu ni mashine ya pili ya kwako ileile.

BiVipimo

Bado hajaulizwa mtu jambo la msingi: mashine nzuri ni ipi? "Inafanya kazi vizuri" si kipimo cha kukabidhi oda. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usizidi 13.5% na punje zilizovunjika zisizidi 2% kwa daraja la 1, 4% kwa daraja la 2. Mnunuzi wa mahindi hatajali kilo ngapi kwa saa kama chenga zimeshusha daraja. Kwa hiyo andikeni: chenga zisizozidi 2% kwa mahindi ya unyevu wa 13 hadi 14%, punje zinazobaki kwenye magunzi zisizidi kiasi mtakachokubaliana na mteja, kilo kadhaa kwa saa. Jaribio: kilo 100 za mahindi ya magunzi, mara tatu, kila mara chota kilo 1 ya punje kutoka sehemu kadhaa za gunia, chagua chenga kwa mkono, pima. Zikizidi gramu 20 mashine haijapita. Mahindi mabichi yatavunjika hata mashine ikiwa safi, hivyo bila kipima unyevu jaribio halina maana.

Chenga zikizidi, gusa nafasi ya nyundo na wavu kwanza, kasi baadaye. Ndiyo maana wavu uwe na matundu marefu ya kuupandisha na kuushusha. Magunzi ya mbegu moja si unene wa magunzi ya nyingine.

Usalama uingie kwenye mchoro sasa, usingoje mtu aumie. Mdomo unaopitisha gunzi hupitisha na mkono. Kwa uwazi wa kati ya 40 na 120 mm, kiwango cha ISO 13857 kinataka 850 mm kutoka mdomoni hadi kitu kinachozunguka. Kwa hiyo mfereji wa kulishia uwe mrefu au upinde, na mikanda ifunikwe pande zote, nyuma pia.

Orodhesheni kinachoweza kuharibika, mpe kila kimoja alama 1 hadi 10 kwa ukali, mara ngapi, na ugumu wa kukigundua mapema, kisha zidisheni. Mfano: mkanda kuteleza 4×6×3 ni 72. Nyundo kuchomoka 10×3×7 ni 210. Alama ni maoni yenu tu, zisiabudiwe, ila zinawaonyesha pa kuweka pesa: nati za kujifunga na kifuniko cha shiti ya 2 mm juu ya ngoma vinatangulia mikanda.

Halafu msirukie 60. Tengenezeni 5 za mwanzo, zitengenezwe na mafundi walewale watakaotengeneza zilizobaki, kwa mchoro na jigi tu. Wewe mwenye muundo simama pembeni na daftari, usijibu kitu. Kila fundi anapouliza, anapochukua tupa, au anapochukua nyundo mahali ambapo mchoro hausemi nyundo, andika namba ya kipande. Daftari hilo ndilo toleo B. Chuma cha mashine 55 kinunuliwe baada ya toleo B.

FundiMakambako

Nimeelewa. Tunaanza na michoro na jigi wiki hii, tano kwanza. La mwisho: rangi tupake kabla au baada ya kufunga, na ndani tupake pia?

JuaKali_Chuma

Kabla ya kufunga, baada ya kuchomelea yote. Ondoa mafuta kwa thina, ondoa magamba ya kuchomelea, praima nyekundu, ikauke, rangi. Ziba nyuzi za bolti na vitako vya beringi kwa tepu. Rangi chini ya kitako inapondeka baadaye, na bolti inalegea. Ndani, panapogusa punje, usipake. Itabanduka na kuingia kwenye mahindi ya watu, na punje zenyewe zitapang'arisha ndani ya siku mbili za kazi. Ili pasishike kutu zikiwa stoo, pitisha kitambaa chenye mafuta ya kula.

Gonga namba ya mashine na herufi ya toleo kwenye fremu kabla ya praima, karibu na beringi ya upande wa puli. Mtu akipiga simu msimu ujao akitaka wavu, utajua umpelekee wa toleo gani.